Je, wajua kwa nini Mto Nairobi hutiririka hata mvua ikikosekana?

Mwezi wa Februari Nairobi huwa kavu. Mvua za vuli zilikwisha, masika bado, na vumbi limetanda hadi kwenye majani ya miti. Hata hivyo, ukisimama darajani unaona maji ya mto yanapita. Wengi watakwambia hayo ni majitaka tu, na katikati ya jiji hawajakosea. Lakini ufuate mto kuelekea juu hadi Kikuyu, kabla haujachafuliwa, utaukuta unatiririka bado. Hakuna wingu, na maji yanakuja.

Huko juu kuna kinamasi cha Ondiri, chenye ukubwa wa takriban hekta 30, kinachohesabiwa kuwa chimbuko la mto huu. Ukikikanyaga, kinatikisika. Mimea imeota, ikafa, mizizi ikasukana miaka na miaka hadi ikawa mkeka mnene ulioelea juu ya maji. Mwenzako akiruka hatua chache kando yako, unahisi mtikisiko kwa nyayo zako. Korongo taji hutafuta chakula humo. Mkeka huo hauwezi kuishi kwa mvua peke yake, kwa sababu mvua ina misimu. Unanyweshwa kutoka chini.

Nairobi imekaa juu ya miamba ya volkano: lava juu ya lava, majivu yaliyogandamana, na katikati yake mashapo ya mito na maziwa ya kale. Mvua inayonyesha upande wa Ngong, Kikuyu na Limuru huzama kwenye udongo mwekundu, ikapenya nyufa za miamba na kusafiri polepole kuelekea mashariki. Sehemu ya maji hayo hujitokeza njiani kama chemchemi. Kwa kuwa safari ni ya polepole, mvua ya msimu mmoja huendelea kutoka miezi mingi baadaye, na ndiyo inayoushikilia mto wakati wa kiangazi. Jiji lenyewe lilianza kunywa hapo hapo: mwanzoni mwa karne ya 20 maji ya bomba yalitoka Chemchemi za Kikuyu, miongo kadhaa kabla ya bwawa la Ruiru la mwaka 1950 na la Ndakaini la 1994.

Sasa tuje kwenye visima. Katika miaka ya 1940 visima virefu vya Nairobi vilikuwa vichache sana. Leo ni maelfu: vya fleti, viwanda, shule, hospitali, na vile vya umma vilivyochimbwa mitaa kama Kibera na Mukuru. Mimi siwezi kumlaumu anayechimba. Ukame wa 2017 ulipolishusha bwawa la Ndakaini na mgao kuanza, aliyekuwa na kisima alioga, asiye nacho alingoja mkokoteni wa mitungi.

Kosa liko kwenye hesabu. Watu husema: tukijua mvua inaingiza kiasi gani ardhini kila mwaka, basi tuvute kiasi hicho hicho na hakuna kitakachoharibika. Inasikika sawa, na si kweli. Mwaka 1940 mtaalamu wa Marekani, Charles V. Theis, alieleza kwamba maji yanayotolewa na pampu lazima yapungue mahali fulani. Ama akiba iliyo mwambani inashuka, ama maji mengi zaidi yanaingia, ama machache zaidi yanatoka kwenye chemchemi na mito. Yale yanayoingizwa na mvua tayari yana mwenyewe: yanatoka Ondiri, yanatoka Kikuyu, yanalisha mito. Ukiyavuta yote, akiba ya mwambani inaweza isipungue tena, na kinamasi kikafa.

Halafu kuna suala la muda. Pampu ikivuta, maji yanayozunguka kisima huinama kama ndani ya faneli, na faneli hiyo hupanuka taratibu. Kisima kirefu hakigusi chemchemi siku hiyo hiyo, kwani lava ngumu na tabaka za udongo wa mfinyanzi hukawiza mambo. Athari inaweza kufika baada ya miaka, na hata ukizima pampu siku ile unayoona chemchemi imepungua, upungufu utaendelea kwa muda.

Sheria ya Kenya imelifikiria hili. Sheria ya Maji ya 2002 iliitambua, na ile ya 2016 iliyochukua nafasi yake inaitambua, Akiba: maji ya kutosha mahitaji ya msingi ya watu na kulinda uhai wa majini. Hayo hutengwa kwanza, ndipo Mamlaka ya Rasilimali za Maji igawe yanayobaki kwa vibali. Utekelezaji ndio kazi ngumu. Unahitaji mita kwenye kila kisima, visima vya uchunguzi visivyovutwa kabisa, na umbali wa kutosha kati ya pampu na chemchemi. Mimi ningeongeza jambo moja ninaloliona muhimu kuliko yote: mabwawa yakijaa wakati wa masika, jiji linywe ya mabwawa na visima vipumzike, ili mwamba uwe na nguvu ukame ukirudi.

Ukipata nafasi, mtazame fundi akipima kisima. Anateremsha utepe wenye alama za mita kupitia bomba jembamba, na ncha ikigusa maji kifaa kinalia. Kipimo anachokichukua pampu ikivuta humsaidia kuchagua pampu. Kile anachokichukua baada ya pampu kulala usiku kucha ndicho kinachosema habari za mwamba. Namba hiyo, yaani umbali kutoka juu hadi yalipo maji, ikiwa kubwa kuliko ya mwezi kama huo mwaka jana, na mwaka jana ilikuwa kubwa kuliko ya mwaka juzi, maji yanashuka, hata kama bomba la jikoni linatoka kwa kasi ile ile.