Hivi mafundi wanajuaje shoti imetokea nguzo ipi kati ya Shinyanga na Mwanza?

Sisi wa kanda ya ziwa mchezo tunaujua, radi zikianza kupiga usiku kutokea ziwani taa zinazima, zinawaka, zinazima tena. Na sio kwamba tunaonewa, Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zinazopigwa radi sana duniani, halafu laini ya kilovolti 220 inayotuletea umeme kutoka Shinyanga inakatiza mashamba na mapori huko. Sasa ikipata shoti fundi anaanzia wapi, anatembea na tochi nguzo kwa nguzo?

Hapana, umeme wenyewe ndio unamwambia. Kwenye kituo cha kupoza umeme kuna kifaa kinaitwa rilei, muda wote kinapima volti na ampia za laini, shoti ikitokea ampia zinapanda ghafla, volti zinashuka, rilei inaamuru breka ikate na yote hayo hata sekunde haiishi, ila vile vipimo vya kabla ya kukata inakuwa imeshavitunza. Gawa volti kwa ampia unapata omu, yaani ukinzani wa waya kutoka kituoni hadi penye shoti. Na omu za waya kwa kila kilomita zinajulikana, laini kama hiyo chukulia 0.4 hivi, kwa hiyo rilei ikisoma 16 basi nenda kilomita 40. Fizikia ya sekondari tu hiyo.

Shida ni kwamba shoti zenyewe hazina adabu. Mti ukiegemea waya, au waya ukidondokea udongo mkavu, zinaongezeka omu ambazo sio za laini na shoti inaonekana iko mbali kuliko ilipo, tena umeme ukiwa unaingia kutoka pande zote mbili ndio hesabu inavurugika zaidi, unaweza kukosea kilomita kadhaa.

Njia kali zaidi, na mimi hii ndio naipenda, ni ya mawimbi. Shoti ikipiga inarusha wimbi pande zote mbili za laini kwa kasi inayokaribia ya mwanga, yaani ukiigawa sekunde moja mara milioni, kwa kila kipande kimoja wimbi linakwenda karibu mita 300. Ni kama ngurumo, radi ikipiga Misungwi wa huko anaisikia kabla ya wa Mwanza mjini. Sasa weka saa za GPS, zinazolinganishwa na setilaiti, kila mwisho wa laini. Tuseme laini ina kilomita 140, na Shinyanga wimbi limefika mapema kwa vipande 200 kama hivyo vya sekunde, hiyo ni tofauti ya kilomita 60, toa kwenye 140, gawa kwa mbili, shoti iko kilomita 40 kutoka Shinyanga. Saa ikikosea kipande kimoja kama hicho unapotea mita 150 tu, yaani unaipata nguzo au jirani yake.

Na mara nyingi wakifika hawakuti kitu, radi ilishapita, breka ilishajirudisha yenyewe (ndio ile zima-washa), labda kikombe kinachoshikilia waya kwenye nguzo kimepasuka tu.

Utauliza mbona sasa waya ukikatika mtaani Igoma tunakaa giza hadi asubuhi. Ni kwa sababu nyaya za mitaani kwa kawaida hazina vifaa hivyo, ni ghali, vinawekwa kwenye laini kubwa. Kwa hiyo nyumba zenu tatu zikizima na jirani wa ng'ambo anaangalia mpira, piga simu, ofisini hakuna mashine iliyowaambia.