Kibarua wa mradi wa Serikali naye ana haki zake

Madarasa na zahanati vinapojengwa kwa fosi akaunti, yaani bila kampuni ya ukandarasi, kamati ikisimamia na mafundi wa mtaani wakijenga, sisi wa Ofisi ya Kazi hapa Mtwara hupokea malalamiko ya aina moja: jengo limekwisha, kibarua hajalipwa. Akiuliza, anaambiwa huu ni mradi wa Serikali, si wa kampuni, avumilie. Na kweli anavumilia, jambo ambalo hadi leo linanishangaza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haiulizi fedha imetoka mfuko gani. Inaangalia nani alikupa kazi na nani alikusimamia. Kwenye fosi akaunti kamati humpa fundi mkataba, fundi huita vibarua, hivyo mara nyingi mwajiri ni fundi yule. Lakini kamati inayojua kwamba vibarua wanadai, kisha ikaidhinisha malipo ya mwisho ya fundi, imewafungia mlango uliokuwa rahisi kuliko yote.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo misaada ya Serikali inapopungukiwa. Taarifa nyingi ninazosoma hutaja ajira za muda zilizozalishwa. Ni nadra kutaja waliolipwa kwa wakati au walioumia. TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ina nafuu: kazi za muda za walengwa wa kaya maskini katika kipindi cha hari, yaani msimu wa upungufu wa chakula, zina orodha na mahudhurio. Kama mlengwa ni mwajiriwa kwa tafsiri ya Sheria, sitaamua hapa; aliyelipwa pungufu aanze kwa kamati ya usimamizi ya jamii, kisha mratibu wa halmashauri. Ila kumtuma mtoto akachimbe mtaro kwa niaba ya mama aliyekwenda shambani, hapana. Kuajiri mtoto chini ya miaka 14 ni kosa, faini yake haizidi shilingi milioni 5, au kifungo cha mwaka mmoja, au vyote viwili. Kwamba ana umbo kubwa si utetezi.

Kisha kuna vikundi vya mikopo ya asilimia 10, ile ambayo halmashauri hutenga kutoka mapato yake ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha Newala au Ruangwa kinapata mkopo usio na riba, kinanunua mashine, kinaita wasichana kubangua korosho kwa malipo ya kilo. Hapo mmekuwa waajiri, mpende msipende. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, kwa hiyo glavu mnazowapa si hisani. Sajilini kikundi WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na ajali ikitokea mwajiri aitolee taarifa ndani ya siku 7 tangu ajulishwe. "Sisi ni kikundi tu" nimeisikia mara nyingi mno.

Sasa utaratibu. Anayedai malipo hujaza fomu CMA F.1, humpelekea mlalamikiwa nakala kwanza na kutunza uthibitisho kwamba kaipokea, ndipo huwasilisha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Mgogoro wa kuachishwa kazi una siku 30 za kuwasilishwa. Migogoro mingine, ikiwemo mishahara, siku 60. Ukichelewa, ambatanisha CMA F.2 kuomba muda uongezwe, na utoe sababu ya msingi. "Diwani aliniambia nisubiri" si sababu ya msingi. Usuluhishi huchukua siku 30, labda pande zote zikubaliane kuongeza. Ukishindikana, shauri huenda kwa mwamuzi. Diwani, mtendaji wa kata na kundi la WhatsApp la kijiji hawapo kwenye mlolongo huu.

Kosa linaloangusha wengi ni kuandika "kuachishwa kazi isivyo halali" wakati umefanya kazi miezi mitatu. Aliye chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo hana dai hilo. Ana dai la ujira wake, na ndilo la kuandika.

Njoo na ujumbe wa malipo ya simu, picha za eneo la kazi, majina ya mliokuwa pamoja. Kama huna karatasi yoyote, njoo hivyo hivyo: mwajiri asipotoa mkataba au maelezo ya ajira kwa maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye. Ila kipengele hicho hakimhusu aliyefanya kazi chini ya siku 6 kwa mwezi kwa mwajiri huyo, kwa hiyo hesabu siku zako kabla hujalipa nauli ya kuja mjini.