Je, wajua nani huwapangia kazi mafundi wa Debian, watu wa kujitolea wanaotengeneza mfumo wa kuendeshea kompyuta?

Hakuna anayewapangia. Mimi kwa miaka mingi niliamini kazi hiyo ni ya Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux. Niliwahi hata kumweleza binamu yangu, kwa kujiamini kabisa, kwamba yule Mfini huketi mahali kama mnyapara wa mjengo, asubuhi anagawa: wewe sauti, wewe printa, wewe lugha. Binamu aliniamini. Mezani kwangu palikuwa na kompyuta yenye mfumo wa Ubuntu, na huo kwake ulikuwa ushahidi tosha.

Kosa langu lilikuwa na matabaka. Torvalds, aliyetangaza kazi yake Agosti 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, alianzisha kiini cha mfumo wa Linux tu, ile sehemu inayoongea na vyuma vya kompyuta. Mengine yote, kuanzia dirisha unalofungua hadi programu ya kuandikia barua, yanatoka mikono mingine, na lazima kuwe na watu wa kuyakusanya yakae pamoja. Debian ni kundi la wakusanyaji hao. Ilianzishwa na Ian Murdock tarehe 16 Agosti 1993, na jina ni lake na la mpenzi wake Debra yakiunganishwa. Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, imejengwa juu ya Debian. Yaani kompyuta niliyoionyesha kama ushahidi ndiyo iliyokuwa ikinikanusha.

Halafu, hata kwenye kiini chenyewe Torvalds hagawi kazi. Watu humletea, naye hupokea au hukataa. Kila toleo likitoka kuna wiki mbili hivi za kupokea mambo mapya, kisha wiki kadhaa za kurekebisha tu, na toleo jipya hupatikana kila baada ya wiki tisa au kumi. Tena wengi wanaoandika kiini hicho siku hizi wanalipwa na kampuni zao, kwa hiyo mabosi wapo, ila kila mmoja yuko kwenye kampuni yake. Anayetaka kuona kujitolea kwenyewe atazame Debian, yenye wanachama rasmi wapatao elfu moja pamoja na wasaidizi wengi, ingawa huko nako wapo ambao waajiri wao huwaachia muda wa kazi.

Nilipogundua hakuna bosi, nikarukia upande wa pili: basi ni soko holela, kila mtu anaweka anachotaka. Hapo pia nilikosea. Debian ina katiba. Sitanii. Ilipitishwa mwaka 1998. Kila mwaka wanachama humchagua kiongozi kwa kuwapanga wagombea kwa mfuatano wa upendeleo, na kwenye karatasi ya kura kuna nafasi ya kuwakataa wote. Lakini katiba hiyohiyo inasema hakuna chochote ndani yake kinachomlazimu mtu kuufanyia mradi kazi. Asiyetaka kufanya jambo alilokabidhiwa halazimiki kulifanya. Asichoruhusiwa ni kuhujumu maamuzi yaliyofikiwa kihalali. Kwa hiyo kiongozi anaweza kusema kwa niaba ya mradi, kuidhinisha matumizi ya fedha na kukaimisha madaraka, ila hana uwezo wa kumwambia fundi yeyote, "Kamilisha hii kufikia Ijumaa."

Sasa ndiyo swali linakuwa tamu. Toleo la Debian 13, liitwalo trixie, lilitoka tarehe 9 Agosti 2025 likiwa na karibu vifurushi 70,000. Kifurushi hapa si cha intaneti cha kukwangua. Ni programu, au kipande cha programu, kilichofungwa tayari kusakinishwa. Kila kimoja kina mtunzaji wake, na kila kimoja hutegemea vingine. Watu wasioamrishika wanawezaje kuvifikisha vyote mahali pamoja, siku moja, bila kugombana?

Fikiria jahazi linalopakiwa bandarini. Ufukweni pamerundikana shehena, kila mwenye mzigo analeta saa anayotaka. Ufukwe huo kwa Debian ni ghala liitwalo sid. Jahazi ni ghala la pili, la majaribio, ambalo ndilo litakalong'oa nanga siku moja na kuitwa toleo imara. Sharti ni moja: jahazi lisizidi kuinama. Serahangi, yaani mkuu wa mabaharia, hamuulizi mwenye gunia yeye ni nani wala amesafiri lini mara ya mwisho. Anapandisha gunia, anatazama chombo. Kikiinama kuliko kilivyokuwa, gunia linarudi mchangani. Kisipozidi kuinama, linabaki ngamani.

Serahangi wa Debian ni programu, na jina lake ni Britney. (Ndiyo, Britney. Nimelitafuta mara mbili.) Hupita tena na tena kwenye ghala la sid na kukijaribu kila kifurushi kipya. Kwanza kiwe kimekaa ufukweni siku kadhaa, kwa kawaida 2, 5 au 10 kulingana na udharura wake, ili watu wapate muda wa kukitumia na kulalamika. Kiwe kimejengeka kwa aina za kompyuta zinazohudumiwa. Kisije na kasoro kubwa ambazo chombo hakikuwa nazo. Kisha Britney anauliza swali la jahazi: nikikipandisha hiki, je, idadi ya vifurushi visivyoweza kusakinishwa itaongezeka? Ikiongezeka, kishuke.

Kuna mizigo ambayo haipandi mmojammoja. Magunia mawili mazito, ukipandisha la kulia peke yake chombo kinalala kulia, ukipandisha la kushoto kinalala kushoto, lakini yakipanda kwa pamoja kimetulia. Maktaba ya programu, yaani msimbo unaotumiwa na programu nyingi kwa pamoja, ikibadilika, kila kinachoitegemea lazima kijengwe upya na kupanda nayo kwa mkupuo mmoja, na pengine ni vifurushi mamia. Hapo binadamu wa timu ya matoleo humnong'oneza Britney: hivi jaribu pamoja.

Na kifurushi kilicho ndani tayari kikigundulika kimeoza? Hutolewa notisi, na muda ukipita bila kurekebishwa kinashushwa pamoja na vyote vinavyokitegemea. Kwangu hii ndiyo sehemu yenye akili kuliko zote. Mtunzaji aliyelala haamshwi na bosi. Anaamshwa na wenzake kumi ambao mizigo yao itashuka naye. Hawana mamlaka juu yake, ila wana haraka. Taratibu zinawaruhusu hata kuandaa marekebisho wenyewe na kuyaweka kwenye foleni ya siku kadhaa, mwenyewe akiwa na pingamizi aseme. Kifurushi kilichoachwa kabisa huitwa yatima, na yeyote aliye tayari anaweza kukiasili.

Nisimpambe Britney kupita kiasi. Ghala la majaribio lilianza mwishoni mwa mwaka 2000, na bado toleo la sarge lilitoka Juni 2005, karibu miaka mitatu baada ya lililotangulia, woody la Julai 2002. Serahangi peke yake hakutosha. Tangu hapo kila mwaka usiogawanyika kwa mbili umekuwa na toleo lake: 2007, 2009, 2011, hadi 2025. Kutangaza mapema tarehe ya kufunga upakiaji kunaonekana kusaidia sana, ila ni vigumu kutenganisha mchango wa tarehe na wa mashine.

Fedha nazo zilijaribiwa. Mwaka 2006 baadhi ya wanachama walichangisha fedha ili wasimamizi wawili wa toleo walipwe na toleo la etch litoke Disemba. Baadhi ya waliokuwa wakijitolea bure walikereka, wengine wakapunguza kasi kwa kupinga. Etch ilitoka Aprili 2007. Huenda ingechelewa hata bila ugomvi huo, maana kuchelewa hawakuanzia hapo.

Majina ya matoleo haya yote, kwa taarifa yako, ni ya wahusika wa filamu za Toy Story, kwa sababu Bruce Perens, aliyeongoza Debian zama hizo, alikuwa mfanyakazi wa Pixar, kampuni iliyotengeneza filamu hizo. Sid ndiye yule mtoto jirani anayevunja wanasesere, ndiyo maana ghala la ufukweni halibadilishwi jina kamwe. Jahazi linalopakiwa sasa, baada ya trixie, linaitwa forky: mwanasesere aliyetengenezwa kwa kijiko-uma cha kutupa, ambaye muda mwingi anaamini yeye ni takataka.