Mlango kutazama kusini hakuleti pesa

Ujumbe huu umeshazunguka sana kwenye magrupu: eti Wachina wamethibitisha kisayansi kwamba nyumba ikitazama kusini pesa hazikauki, na asiyeweza kuhamisha mlango aweke kioo sebuleni.

Dai hilo linatokana na feng shui, elimu ya jadi ya Kichina ya kupanga makazi na makaburi; jina lenyewe maana yake ni "upepo na maji". Kusini kulipendwa kwa sababu inayoeleweka. China iko kaskazini mwa ikweta, hivyo majira ya baridi jua la adhuhuri huwa upande wa kusini. Mlango ukiwa huko nyumba inapata joto, na mlima ulio nyuma unakinga upepo wa baridi kutoka kaskazini. Hiyo ni akili ya ujenzi, wala haihusiani na bahati.

Sasa toka nje ukiwa Dar es Salaam au Nairobi, saa sita mchana, mwezi Juni. Kivuli chako kitaangukia kusini, maana jua liko kaskazini. Na upepo wa Pwani miezi hiyo ni kusi, yaani unatoka kusini, kwa hiyo sababu zile za Wachina huku kwetu zimegeuka. Mzee yeyote wa jahazi atakuambia.

Kinachowachanganya watu ni kwamba chumba chenye mwanga na hewa kweli humsaidia mtu kulala vizuri na kuamka mchangamfu. Kutoka hapo hadi utajiri ni mbali. Hata wataalamu wa feng shui wenyewe wana mikondo inayopingana kuhusu mwelekeo wa nyumba ileile.

Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Na kama una hela ya kioo, afadhali ongeza dirisha.