Ukienda Nepal, nunua siku kwanza, buti baadaye

Kila ikifika mwezi wa saba hivi meseji zinaanza kuingia, na nyingi zinafanana kama mapacha. Kaka habari, mi Kili nilishapanda, sasa nataka niende Nepal nikaone Everest, nina likizo ya siku kumi, eti buti gani nzuri? Nikijibu "ongeza siku" mtu anaona kama namkwepa. Sikukwepi ndugu yangu. Mi ni gaidi wa mlima hapa Moshi, yaani mwongoza wageni, kutoka "guide" (ndio, neno letu ndo hilo, tumeshalizoea), kupandisha watu ndo kula yangu, na Nepal nimeshaenda mara tatu, mara ya kwanza nikiwa na kiburi cha mtu aliyefika Uhuru mpaka hesabu ikampotea. Kwa hiyo hii naiandika mara moja niwe natuma linki.

Tuanze na pale watu wengi wanapojidanganya. Everest Base Camp iko mita 5,364. Uhuru Peak ni 5,895. Mtu anapiga hesabu anasema ah, kumbe kule ni chini, nitatembea tu. Sasa sikiliza. Kili usiku wa juu kabisa unalala Barafu mita 4,673 au Kibo 4,720, na kulala kwenyewe ni jina tu maana saa tano usiku unaamshwa, unapanda, unapiga picha kwenye kibao, unashuka, jioni yake uko Mweka unapumua kama binadamu. Mwili hata haujaelewa umefanywa nini. Kule Khumbu, eneo la Everest, unalala Dingboche mita 4,410 usiku mbili, unaenda Lobuche mita 4,940, afu Gorak Shep mita 5,164. Yaani unalala juu kuliko kambi ya Kibo, unaamka, unatembea, unalala tena juu zaidi. Hewa ya oksijeni kwenye mita 5,500 ni kama nusu ya ile ya Dar, na wewe unajaribu kulala nayo. Usingizi wenyewe unakatika katika, pumzi inasimama sekunde kadhaa afu unashtuka kama mtu kakuita.

Kanuni tunayoifuata wote, sisi na wao, ni kwamba ukishapita mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu nne unakaa siku nzima bila kupandisha. Ndo maana Namche Bazaar, mita 3,440, kila mtu analala usiku mbili, mchana unapanda kilima juu ya mji kidogo unarudi kulala palepale. Kupanda juu kulala chini, hii mbona tunaijua, ndo sababu Kili unapandishwa Lava Tower mchana afu unashuka kulala.

Mi nilijua kuliko kanuni. Safari ya kwanza nilifika Namche niko freshi kabisa, kichwa hakigongi, nikaona siku ya kupumzika ni ya wazungu, nikaunganisha Tengboche, kesho yake Dingboche, kesho yake Lobuche. Dingboche nako sikupumzika. Lobuche jioni niliinama kufunga kamba ya buti nikashindwa. Sio uchovu, nashika kamba mbili mkononi sijui ipi inapita wapi. Hiyo dalili mi mwenyewe ndo huwa naitafuta kwa wageni wangu! Nikatapika supu ya vitunguu saumu aliyoniletea dada mwenye loji, na yule kijana gaidi niliyekuwa naye, mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, hakubishana na mimi hata kidogo, kavaa taa yake ya kichwani, kafunga begi langu, kasema tunashuka Pheriche sasa hivi. Tulitembea usiku. Pheriche kuna kliniki ya Himalayan Rescue Association, ipo tangu 1973, kwenye msimu wana madaktari na kila mchana wanatoa darasa la ugonjwa wa mwinuko. Hata kabla sijafika mlangoni kwao kichwa kilishaanza kukaa sawa, maana dawa ya kwanza ya mwinuko ni kushuka. Vidonge vya Diamox ongea na daktari wako kabla ya safari, inasaidia mwili kuzoea, ila haikupi ruhusa ya kukimbia.

Kwa hiyo siku. Kutoka Lukla, unakotua na ndege, mpaka Base Camp na kurudi Lukla weka siku 12 za kutembea na kupumzika. Ongeza mbili za Kathmandu mwanzoni. Afu ongeza tatu za akiba mwishoni, na hizi tatu ndo watu wanazozikata, afu ndo wanaolia.

Wanalia kwa sababu ya Lukla. Uwanja wa Lukla uko mita 2,800 na kitu, njia ya kurukia ina mita 527 tu, imelala kama mteremko, upande mmoja ukuta wa mlima upande mwingine korongo. KIA yetu, uwanja wa Kilimanjaro, ina zaidi ya mita 3,500, jaribu kupiga picha hiyo. Ndege ni ndogo, mzigo ni kama kilo 15 begi na mkoba pamoja, na zinaruka asubuhi tu maana mchana upepo na mawingu yanafunga. Mawingu yakikaa siku mbili hamna ndege siku mbili, na siku ya tatu foleni ni ya watu wa siku tatu. Tena kwenye misimu ya watu wengi ndege nyingi haziondokei Kathmandu, zinaondokea Manthali, Ramechhap, na kufika huko ni gari masaa manne matano, unatoka hotelini saa saba au saa nane usiku. Mi nimeshakaa Lukla siku mbili nacheza karata na watu nisiojua lugha yao, na tiketi ya kurudi nyumbani ikapita. Kampuni iliyonikatia tiketi ilinijibu kwa meseji moja ya neno moja, pole. Sikulaumu mawingu, nilijilaumu mimi niliyeweka siku moja ya akiba.

Na kama kweli una siku kumi tu basi achana na Everest, nenda upande wa Annapurna. Unapanda ndege ndogo au basi mpaka Pokhara. Basi ni kama kilomita 200, umbali wa Dar na Moro, ila usifikirie Dar na Moro, ni masaa saba nane na siku mbaya zaidi. Kule hamna anayeuliza ni kilomita ngapi, uliza masaa. Ukienda kwa ndege kaa dirisha la kulia, milima yote iko upande huo. Kutoka Pokhara kuna Ghorepani na Poon Hill, mita 3,210, siku nne tano, unaamka usiku unaiona Dhaulagiri na Annapurna zikigeuka rangi, na mwinuko haukusumbui sana. Ukiwa na siku zaidi kidogo kuna Annapurna Base Camp, mita 4,130. Mi kwa mtu wa mara ya kwanza huwa napendekeza hii kuliko Everest kabisa, ila hakuna anayenisikiliza kwa sababu jina la Everest lina utamu wake.

Jambo lingine la kushangaza kwa mtu wa Kili ni kwamba kule hamna mahema wala mpishi wa kwako. Unalala kwenye loji za vijijini, vyumba vya mbao, kitanda na blanketi, jiko la kuni au la mavi ya yak, mnyama wao wa mizigo mwenye manyoya, liko kwenye chumba cha kulia tu, chumbani kwako maji ya chupa yanaganda. Chumba ni bei ya chini lakini makubaliano ni ule palepale, ukienda kula kwa jirani umewakosea. Kuchaji simu unalipia, maji ya moto unalipia, intaneti unalipia, na kila ukipanda bei inapanda maana kila kitu kimefika mgongoni mwa mtu au mnyama. Chakula agiza dal bhat, wali na mchuzi wa dengu na mboga, wanakuongeza mpaka ushibe bila kulipa tena. Waislamu mnaoniuliza kuhusu halali, dal bhat ya mboga ndo jibu la mlimani, na hata asiye Mwislamu nyama aiache huko juu, haichinjwi mule, inabebwa kutoka bonde siku kadhaa. Kathmandu Waislamu wapo tangu zamani na misikiti iko pale mjini karibu na Ratna Park, msosi wa halali unapatikana. Nyama ya ng'ombe usiulize, ng'ombe kule ni mtakatifu na kumchinja ni kosa la jinai.

Wapagazi wao nimewaangalia sana, jicho la kazi. Kupanda kuingia Namche nilikaa nyuma ya kijana mmoja kabeba doko, kapu la mianzi, ndani katoni za tambi na juu yake kafunga mtungi wa gesi, uzito wote unaning'inia kwenye mkanda uliopita kwenye paji la uso, wanauita namlo. Mkononi ana kigongo kifupi kama herufi T. Kila hatua kama hamsini anakipachika chini ya kapu, kapu linakaa juu ya kigongo, anasimama hivyo hivyo, anatoa pumzi kwa mluzi, hageuki, anaendelea. Wagumu wetu, wapagazi wa Kili, wanabeba kichwani na wakichoka wanatua. Yule hatui, maana kulinyanyua tena kutoka chini ni kazi kuliko kulibeba. Ukimkuta njiani mpishe, na ukipisha yak au nyumbu simama upande wa mlima, sio upande wa korongo, watu wameshasukumwa. Tipu yao iweke kwenye bajeti kabla hujanunua hilo koti la bei mbaya. Na Sherpa ni kabila, sio cheo, si kila anayebeba mzigo ni Msherpa, ni kama mgeni akiita kila mtu wa Kili Mchaga.

Gaidi uchukue. Tangu Aprili 2023 Nepal wametoa agizo kwamba mgeni wa kutembea milimani awe na gaidi mwenye leseni, ingawa Khumbu wana utaratibu wao wa vibali vya halmashauri. Hata kama mlango uko wazi, mi bila yule kijana wa Lobuche sijui ningekuwa wapi.

Viza unapata uwanjani Kathmandu, dola 30 kwa siku 15, dola 50 kwa siku 30, dola 125 kwa siku 90, chukua ya 30 ili mawingu yasikutie presha. Fomu ijaze mtandaoni kabla hujasafiri na ubebe dola safi zisizochanika. Kuna nchi chache ambazo raia wake lazima waombe kabla, Somalia na Ethiopia zimo, kwa hiyo mwenye pasipoti hizo asijiendee tu. Kadi ya homa ya manjano ibebe. Bima hakikisha inataja kwa maandishi kutembea mpaka mita 6,000 na helikopta ya uokoaji, nyingi zinaishia mita 3,000 au 4,000. Na helikopta usipande kwa kushawishiwa tu, 2018 serikali yao yenyewe ilichunguza ikakuta uokoaji wa uongo mwingi, watu wasioumwa wanapandishwa helikopta ili bima ilipe. Ukiumwa kweli panda, ukiwa na kamafua shuka kwa miguu.

Msimu mzuri ni Oktoba na Novemba, mbingu safi ila watu kibao, au Machi mpaka Mei. Juni mpaka Septemba ni masika yao, ruba, mawingu, barabara zinakatika. Angalia pia Dashain, sikukuu yao kubwa inayoangukia Septemba au Oktoba, ni kama Krismasi ya Uchagani, kila mtu anarudi kwao, mabasi yamejaa na ofisi zimefungwa. Na siku yao ya mapumziko ni Jumamosi, Jumapili mimi nilikuta watu kazini, ndo Jumamosi niliyokwenda kutafuta kibali nikakuta geti lina kufuli.

Saa zao zipo mbele yetu kwa masaa mawili na dakika 45, hizo dakika 45 sio makosa ya simu yako. Mwaka wao nao uko mbele kwa 56 na ushee, ukiona tarehe ya ajabu kwenye risiti usigombane na mtu. Dada mwenye loji mwite didi, kaka mwite dai, utaona uso unavyobadilika. Na pole pole kwa Kinepali ni bistarai, bistarai. Mi nilipoisikia mara ya kwanza nikacheka, afu siku nne baadaye nikawa Lobuche nashindwa kufunga kamba.

Buti zenyewe zile zile za Kili, kama hazijaisha soli. Adapta nunua, soketi zao sio za pini tatu bapa kama zetu.