Metadata ni kitu gani, na kwa nini unasachi nyaraka za halmashauri unaambiwa "hakuna matokeo"

Kuna ile hali unaingia kwenye kumbukumbu za halmashauri mtandaoni, unaona kisanduku cha kutafutia pale juu, unaandika unachokitaka vilevile unavyoandikaga Google, unabonyeza, inazunguka zunguka weee halafu inakuambia hakuna matokeo. Basi unafunga unasema hawa watu hawajaweka kitu, au wamekificha. Saa nyingine ni kweli hawajaweka. Ila mara nyingi waraka upo, umekaa palepale, tatizo ni kwamba umeuita kwa jina ambalo hakuna mtu kule ndani aliwahi kuuita, na hii habari yote inaanzia kwenye neno moja ambalo watu wa mifumo wanalitaja kila saa bila kulieleza, metadata.

Metadata ni maelezo kuhusu waraka, sio waraka wenyewe. Aliyewahi kuingia masijala ataelewa haraka. Jalada la karatasi juu yake limeandikwa namba, kichwa cha habari, tarehe lilipofunguliwa, idara, halafu ndani ndo kuna barua na mihtasari yenyewe. Karani akiagizwa jalada haanzi kusoma barua moja moja, anaangalia rejista, anaangalia juu ya jalada, anachomoa. Sasa zile karatasi zikiskaniwa na kuingizwa kwenye mfumo kila waraka unavalishwa jalada lake la kidijitali: ni waraka wa aina gani (muhtasari wa kikao, sheria ndogo, kibali, mkataba), wa tarehe ngapi, wa kamati gani, namba yake ya kumbukumbu, kichwa chake. Hivyo vipengele ndo metadata. Ipo hata orodha inayotumika kimataifa inaitwa Dublin Core, ilianzia kwenye warsha ya mwaka 1995 na vipengele vyake vya msingi ni 15 (hiyo Dublin wala sio ile ya Ireland, ni mji wa Ohio kule Marekani, mimi nimekaa miaka nikiamini ni ya Ireland). Kwenye mifumo niliyoitumia mwenyewe sijaona mahali wamejaza vyote 15, utakuta vinne au vitano, na kimoja kati ya hivyo kimeandikwa "Nyinginezo".

Na ujue anayejaza ni mtu. Ana rundo la karatasi pembeni, skana inakwama, saa kumi inakaribia, anaandika "Muhtasari kikao cha Machi" anaenda na unaofuata. Sasa wewe miaka sita baadaye unakuja kusachi, unadhani unatafuta ndani ya karatasi, kumbe unatafuta ndani ya yale maneno manne aliyoandika yule mtu siku ile amechoka.

Nikupe mfano wangu. Nilikuwa natafuta uamuzi kuhusu eneo moja la wazi watoto walikuwa wanachezea mpira, likaja kubadilishwa matumizi. Nikaandika "uwanja wa mpira", sifuri. Nikaandika "eneo la wazi", yakaja matokeo mengi mpaka nikakata tamaa, karibu yote hayahusiani. Nikaandika jina la mtaa, yakaja ya taka na ya mitaro. Baadaye sana nikaupata, na kwenye mfumo kichwa chake kilikuwa "Kamati ya Mipango Miji, kikao cha robo ya pili", basi. Ndani yake agenda yenyewe inaitwa "Maombi ya kubadili matumizi ya ardhi, Kiwanja Na. 110". Hakuna neno uwanja, hakuna mpira, hakuna watoto, hata ule mtaa kwa jina tunaloliita sisi haumo. Ofisi ina lugha yake, na waraka unaitwa kwa lugha ya ofisi. Kwa hiyo kabla hujaandika neno lako kwenye kile kisanduku jiulize kwanza hiki kitu aliyekiandika alikiitaje, sio mimi nakiitaje. Ukuta wa jirani kwao ni "kibali cha ujenzi wa uzio". Barabara kufungwa ni "kusitisha matumizi ya njia". Kupata huo msamiati sio kazi, fungua waraka wowote wa kamati ileile hata kama sio unaoutaka, soma kurasa mbili tatu, utaona wanavyoongea halafu unaazima maneno yao.

Sasa mtu atasema mbona mfumo mwingine una sehemu ya kutafuta ndani ya maandishi, sio kichwa tu. Ndio, ipo, na hapo ndo kuna mtego mwingine. Waraka ulioskaniwa ni picha. Mashine ikiangalia picha ya ukurasa haioni herufi, inaona madoa meusi kwenye weupe, kama simu inavyoona picha ya harusi. Ili maneno yasachike lazima ipite programu ya kutambua herufi, wenyewe wanaiita OCR, inakisia hili doa ni "a", lile ni "k", halafu inatunza maandishi nyuma ya picha. Ubora wa kuskani unaoshauriwa sana kwa kazi hiyo ni nukta 300 kwa inchi, chini ya hapo inaanza kubahatisha. Na hata ikifanya vizuri piga hesabu: ukurasa wenye herufi 2000, mashine ikipatia asilimia 99, bado herufi 20 zimekosewa kwenye huo ukurasa mmoja, na herufi moja tu ikiharibika neno zima halipatikani tena.

Ile "Kiwanja Na. 110" yangu, niliponakili maandishi ya ule ukurasa nikabandika pembeni, ilitoka hivi: "Kiwania Na. llO". Yaani j imekuwa i, zile moja mbili zimekuwa L ndogo, sifuri imekuwa herufi O. Kwa macho ukurasa ni msafi kabisa, unasomeka, ila mimi ningesachi "Kiwanja 110" mpaka kesho. Namba ndo zinaumia zaidi kwa sababu hazina neno jirani la kusaidia kukisia. Waraka ulioandikwa kwa mkono au uliopigwa muhuri juu ya maandishi, hapo usitegemee kitu.

Kujua kama waraka umepitishwa OCR ni rahisi, fungua PDF, jaribu kuburuta kuchagua mstari mmoja wa maneno. Yakichagulika kuna maandishi nyuma, na unaweza kubonyeza Ctrl na F ukatafuta humo humo. Ikichagulika ukurasa mzima kama picha, au isichagulike kabisa, basi huo waraka kwa kisanduku cha kutafutia ni bubu, njia pekee ni kuufikia kwa metadata.

Halafu kuna hili la Kiswahili chenyewe ambalo sijaona watu wakilisema. Injini nyingi za kutafuta zilijengwa kwa lugha zinazobadilisha neno mwishoni, kwa hiyo zinakata mkia wa neno ili umoja na wingi vikutane, njia maarufu ya kufanya hivyo kwa Kiingereza aliichapisha Martin Porter mwaka 1980. Sisi tunabadilisha mbele. Kibali, vibali. Kiwanja, viwanja. Mkataba, mikataba. Mashine isiyojua Kiswahili inaona hayo ni maneno tofauti kabisa kama meza na kuku. Ile alama ya nyota inayosimama badala ya herufi yoyote nayo mifumo mingi inaikubali mwishoni mwa neno tu, kwa hiyo "kibali*" haikusaidii kupata vibali. Dawa ni kuandika yote mawili ukiweka OR (yaani "au" kwa Kiingereza) katikati, kibali OR vibali, mkataba OR mikataba. Na vitenzi ndo usiseme: aliidhinisha, imeidhinishwa, kuidhinishwa, yaliyoidhinishwa, hapo achana na kitenzi tafuta nomino, yaani jina la kitu chenyewe kama kibali au mkataba. Alama za kufunga na kufungua semi zitumie kwa maneno yanayokaa pamoja, "sheria ndogo", la sivyo utaletewa kila penye sheria na kila penye ndogo.

Tarehe nayo ina mambo. Waraka mmoja unaweza kuwa na tarehe ya kikao, tarehe ya kusainiwa na tarehe ya kupandishwa mtandaoni, na mfumo unaweza kuwa unachuja kwa yoyote kati ya hizo bila kukuambia. Muhtasari wa kikao kwa kawaida unathibitishwa kwenye kikao kinachofuata, kwa hiyo kikao cha Februari unaweza ukaukuta umeingizwa Mei au mbele zaidi. Ukiweka kichujio cha Februari mpaka Februari unajifungia nje mwenyewe. Panua, weka mwaka mzima, halafu punguza. Na angalia mwaka, mwezi na siku vinaandikwaje, maana 03/04 kuna mfumo unaisoma tarehe 3 Aprili na kuna mwingine unaisoma Machi 4.

Mimi kilichoniokoa mwisho wa siku ni kuacha kisanduku. Upande wa kushoto kulikuwa na makabrasha, nikaingia kamati, mwaka, vikao, nikafungua kimoja kimoja. Watu wanaona ni ushamba ila nyaraka za serikali hazijapangwa kwa mada kama maktaba, zimepangwa kwa aliyezitengeneza, na huo utaratibu sio wa leo, Ufaransa waliuweka kwenye waraka rasmi mwaka 1841 kwamba karatasi za ofisi moja zikae pamoja zisichanganywe na za wengine. Kwa hiyo swali linalokufikisha haraka ni "hili lilipita kwenye meza ya nani?" Kubadili matumizi ya ardhi, kamati ya mipango miji. Ushuru, kamati ya fedha. Ukishajua meza, vikao vya mwaka mzima havizidi vya kukutoa jasho.

Na ukifungua usiishie kwenye muhtasari, shuka chini kwenye viambatisho. PDF yangu ilikuwa na kurasa themanini na kitu, muhtasari wenyewe ulikuwa na mistari miwili tu kuhusu kile kiwanja, "kamati iliridhia", ramani na barua ya mwombaji zilikuwa ukurasa wa 63. Hizo zote hazina metadata yao, zimebebwa na jalada la kikao.

Google usiitegemee sana kwa haya, kwa sababu nyaraka nyingi za aina hii zinatoka pale tu mtu akijaza fomu ya kutafuta, na roboti wa Google kwa kawaida hajazi fomu za watu.

Kama umefanya yote haya na bado hola, kuna nyaraka haziwekwi wazi kwa sababu zina taarifa binafsi za watu, na kuna zilizoteketezwa kihalali baada ya muda wake wa kutunzwa kuisha, ofisi zinakuwa na ratiba ya hiyo. Hapo waandikie masijala moja kwa moja. Ila usiandike "naomba zile karatasi za uwanja", wape kamati, mwaka, robo, na kama umeona namba ya kumbukumbu popote, hata kwenye barua nyingine iliyoutaja huo waraka, iweke juu kabisa kwenye kichwa cha barua, maana karani ukimpa hiyo namba hasachi chochote, anaenda kuchomoa.