Ethnomuzikolojia ni nini, na kwa nini sikio peke yake halitoshi

Msikilize mtu wa pwani anavyozungumza. Msomaji akivuta sauti msikitini, akaipandisha na kuishusha kwa mahadhi mpaka watu wakatulia tuli, tunasema "anasoma Kurani". Vijana wakishika madufu na kuitikiana, wengi watasema "wanasoma kaswida". Maulidi nayo husomwa. Usiku huohuo, mtaa wa pili, bibi aliyesimama mbele ya fidla na kanuni "anaimba" taarab, na watu wanainuka kwenda kumtunza. Mgeni asiyejua lugha wala dini, ukimpa kinasa sauti, atarudi nazo zote na kuziita muziki. Wenyewe hawasemi hivyo, na kumwita msomaji wa Kurani mwimbaji ni kumkosea adabu.

Ethnomuzikolojia inaanzia hapo, kwenye tofauti kati ya sauti inayoingia sikioni na kile ambacho watu wanasema wanakifanya. Ni elimu inayouchunguza muziki pamoja na wanaoupiga, wanaoucheza, wanaoulipia, na hata wanaoukataza. Mmarekani Alan Merriam, aliyefanya utafiti kwa Wasongye wa Kongo, aliuweka mwaka 1964 mfumo ambao wanafunzi bado wanafundishwa: itazame sauti yenyewe, tazama matendo ya watu, na tazama fikra zilizo nyuma ya yote mawili. Neno letu "ngoma" linafundisha jambo hilohilo kwa njia fupi zaidi. Ngoma hupigwa, ngoma huchezwa, watu huenda ngomani, mwenye pepo hupigiwa ngoma, na kijana wa leo akisema "ngoma mpya imetoka" anazungumzia wimbo uliorekodiwa studio. Ukilitafsiri kwa neno moja la Kizungu, lazima kitu kitabaki nje.

Jina la elimu yenyewe limeenea kupitia Mholanzi Jaap Kunst, mtafiti wa gamelani, yaani vikundi vya ala za kugongwa vya kisiwa cha Java, aliyelitumia mwaka 1950. Kabla yake wataalamu wa Berlin na Vienna waliiita elimu linganishi ya muziki. Kunst aliona jina hilo halisemi lolote, kwa kuwa kila sayansi hulinganisha. Na kabla yao wote, mwaka 1885, Mwingereza Alexander Ellis alipima ngazi za sauti za ala za mataifa mbalimbali akatangaza kwamba hakuna ngazi moja iliyoletwa na maumbile. Watu wa kila mahali wamejitengenezea yao. Ili kupima, aliigawa oktavu, yaani umbali kutoka sauti moja hadi ileile inapojirudia juu zaidi, katika sehemu 1200 na kuziita senti. Hatua moja ya kinanda, kutoka kitufe hadi kitufe cha jirani, ni senti 100. Kipimo hicho kinatumika mpaka leo.

Kwa nini basi elimu hii inaazima kwa fizikia, isimu, historia, saikolojia na anthropolojia? Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Buganda, nao ni amadinda.

Amadinda ni marimba ya vibao 12 vya mti wa lusambya, vinavyolazwa juu ya magogo mawili mabichi ya mgomba na kutenganishwa kwa vijiti. Ngazi yake ina sauti tano. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda, alipima ala za huko, na ikadhihirika kwamba sauti hizo tano zimepangwa kwa nafasi zinazokaribiana kulingana. Gawa 1200 kwa tano, unapata senti 240. Kwenye kinanda hakuna nafasi kama hiyo, maana kuna 200 na kuna 300. Mwalimu wa kinanda atasema marimba haya yametoka nje ya sauti, na atakuwa ameyapimia kwa rula isiyo yake. Hapo ndipo fizikia inapofanya kazi.

Sasa tazama wapigaji. Wawili wanakaa kuelekeana, vibao vikiwa katikati. Wa kwanza, omunazi, anaanza mfululizo wake kwa mapigo yaliyo sawasawa, mikono yote miwili ikigonga sauti ileile, mmoja chini na mwingine oktavu moja juu. Wa pili, omwawuzi, anaingiza yake katika kila nafasi iliyo katikati ya mapigo ya mwenzake. Wawili hao wanatumia vibao kumi. Viwili vya juu kabisa ni vya mtu wa tatu, omukoonezi, na kazi yake ni ya ajabu. Anasikiliza mahali ambapo vibao viwili vya chini kabisa vinalia, bila kujali ni nani kavigonga, na anazirudia sauti hizo kule juu. Zikiunganishwa, zinakuwa wimbo kamili ambao hakuna mkono wa mpigaji hata mmoja wa wale wawili unaoupiga.

Gerhard Kubik, Mwaustria, alijifunza ala hii Kampala kuanzia 1959 kwa Evaristo Muyinda, mpigaji wa ngoma za Kabaka, mfalme wa Buganda. Mwaka 1962 alichapisha maelezo ya jambo hilo: sikio hukusanya sauti za chini kivyake na za juu kivyake, likajitengenezea nyimbo ambazo hazipo mikononi mwa mtu. Asingeligundua kwa kusikiliza kanda tu, kwani ilimbidi akae, ashike vijiti, asikie alichopiga kikigeuka kitu kingine. Kinachotokea kichwani ni swali la saikolojia. Lakini Mganda husikia zaidi ya hapo: humo ndani anayashika maneno. Luganda ni lugha ya toni, na wimbo hufuata kupanda na kushuka kwa maneno yake. Asiyeijua Luganda anaukosa ujumbe wote hata kama ana sikio la dhahabu, kwa hiyo mtu wa isimu naye aitwe.

Wapo wanaolikataa jina "ethno", na nawaelewa, kwa sababu limetumika mno kumaanisha muziki wa watu wengine. Hata hivyo elimu yenyewe imeshavuka mpaka huo. Mwaka 1995 Bruno Nettl alitoa utafiti uliowachunguza wanafunzi na walimu wa vyuo vya muziki vya Marekani, pamoja na heshima wanayompa Mozart, kama vile mtu anavyochunguza kabila na mizimu yake.

Historia nimeiacha nyuma kwa makusudi. Mei 1966 jeshi la Obote lilishambulia ikulu ya Kabaka pale Mengo, na mwaka uliofuata falme zikafutwa. Wapigaji wa ikulu walitawanyika, na ala zikapotea. Sauti alizorekodi Wachsmann miaka ya 1949 hadi 1954 zilikuwa zimekaa kwenye hifadhi jijini London, na baadaye sana nakala zake zikarudishwa Chuo Kikuu cha Makerere. Mjukuu wa mpigaji anayetaka kusikia jinsi vibao vilivyolia kabla ya Mengo kushambuliwa, sasa anapanda matatu kwenda Makerere.